Dawa Mpya Haimwagwi Juu ya Tope

Mamba, Same
14 Januari 2024

Mwanangu Eliakunda,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana, na nakupa pole ya baridi ya huko Ujerumani. Jesca alinionyesha kwenye simu yake, watu wamejifunika mpaka pua. Unakula? Usinijibu kwamba unakula. Niambie jana ulikula nini.

Usishangae kuona naandika wakati simu ipo. Kwenye simu nasema ndiyo, ndiyo, vocha inaisha, halafu nikishakata ndipo maneno yanakuja. Na tena baba yako yuko chumba hicho hicho, anasikia kila ninachosema juu yake. Kwa hiyo nimeona niandike kwenye karatasi za daftari, Mwalimu Jesca atapiga picha akutumie. Ukijibu, yeye ataitoa kwenye mashine ya shule nisome mwenyewe. Darasa la nne langu linatosha nikienda polepole.

Sisi hatujambo, isipokuwa yale ya siku zote. Kutetemeka kwa baba yako kumeenea, sasa kuko mkono wa kushoto pia. Vile vidonge vya Moshi vinamsaidia. Akimeza asubuhi, mpaka chai ichemke anaweza kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, na hapo anakuwa Sifael yule yule, ananitania kwamba chai yangu ni maji ya kuoshea miguu. Jioni nguvu ya kidonge ikiisha anaificha mikono chini ya mapaja.

Sasa nikwambie jambo ambalo yeye hataki ulijue. Juzi alikwenda ndivani jioni kuziba bwawa lijae usiku, kama alivyofanya tangu kabla hujazaliwa. Kizibo hakikukaa vizuri kwenye tundu. Hakujua. Maji yote ya mto yaliyotakiwa kulala ndani ya ndiva yakateremka bondeni, na asubuhi waliokuwa na zamu ya kumwagilia tangawizi wakakuta tope tupu. Nilitegemea wazee waje kufoka. Hawakufoka, na hiyo ndiyo iliyomuumiza. Walikaa sebuleni wakala makande yangu, wakasema kuanzia sasa kijana Aminiel atakuwa anamsaidia kugawa maji. Baba yako akasema asanteni. Anajua kusaidiwa ni nini.

Basi tangu siku hiyo ananiuliza juu yako. Anasema Eliakunda si anasomea magonjwa ya namna hii? Mimi najua ni habari za panya, na nikiwaambia watu panya, wanacheka. Mama Blessing aliniambia kama ni panya mngembakiza mtoto hapa, stoo zetu zimejaa. Nieleze kwa maneno ninayoweza kumpelekea baba yako, maana kila akiniuliza nabuni, na siku moja nitabuni uongo.

Ni mimi mama yako anayekuwaza,
Faustina

*

Ujerumani, 2 Februari 2024

Shikamoo Mama,

Mpe Baba shikamoo yake peke yake, asije akasema nimemchanganya na wewe kwenye sahani moja. Jana nilikula wali na dengu, na juzi pia. Mafua yalinishika yakaniacha. Nimesikitika sana kusikia habari za ndivani. Usimwambie kwamba umeniambia.

Mama, nisikilize sasa, maana nimefikiri siku nyingi namna ya kukueleza.

Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Ndani ya kila chumba kuna kazi ya kutengeneza protini. Protini ikitoka inakuwa kama uzi mrefu, haina maana yoyote, mpaka ikunjwe na kukaa katika umbo lake. Kama kitambaa: si shati mpaka kishonwe na kutiwa vifungo. Basi kuna mfanyakazi mle ndani ambaye kazi yake ni kukunja na kufunga vifungo. Akikuta kifungo kimeingia tundu lisilo lake, anakifungua na kukifunga upya. Kwa lugha ya shule huyo anaitwa kimeng'enya. Wewe mwite mkunjaji. Yuko kwenye ini la panya, yuko kwenye kongosho lake, yuko kwenye ubongo wake, na yuko kwetu sisi vile vile. Ana kazi nyingine nyingi ambazo bado tunazitafuta, na ndiyo maana ninalipwa kukaa hapa.

Mkunjaji huyo akiharibika, nyuzi zinakaa ovyo, zinarundikana, na seli inakufa. Katika ugonjwa wa Baba, seli zinazokufa ziko ndani ya ubongo, zile zinazoutuliza mkono.

Kuhusu panya, sishiki panya. Zamani sana, kabla wewe na Baba hamjaoana, kulikuwa na panya mmoja katika maabara fulani aliyekuwa na uvimbe. Wakachukua seli za ule uvimbe wakazilisha kwenye kisahani, zikaendelea kuzaana. Panya alikufa, seli zake zinaishi mpaka leo, zimegawanywa dunia nzima. Mimi ninazo kwenye kabati lenye joto, nazilisha kama vifaranga.

Na sasa nikupe habari njema, nilikuwa nimekuwekea mwisho. Wiki iliyopita nilizitia seli hizo sumu inayofanana na ugonjwa wa Baba. Nusu yake nilikuwa nimeziongezea mkunjaji. Zile zisizoongezwa zilikufa. Zilizoongezwa zilikuwa hai asubuhi, Mama. Nilisimama pale nikalia, mwenzangu akadhani nimeungua.

Ni seli za panya kwenye kisahani tu. Lakini ziliishi. Juni nitakuja nyumbani, nitawaeleza vizuri kwa mdomo.

Binti yako,
Eliakunda

*

Mamba
25 Februari 2024

Mwanangu mpendwa,

Amani iwe kwako na kwa wenzako wa hapo kazini, hata huyo aliyedhani umeungua. Mafua yameisha kabisa? Tangawizi niliyokupa umeshaimaliza au umeigawa? Najua umeigawa.

Barua yako niliisoma kwanza peke yangu jikoni, kidole juu ya mstari. Halafu nikamsomea baba yako. Nilipofika pale seli zilipoamka hai, aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena. Halafu akacheka, Eliakunda. Sikumbuki alicheka lini mara ya mwisho. Akasema, "Huyo panya kapata uzima wa milele kabla ya wazee wa kanisa."

Yeye ndiye alinifafanulia mimi. Akasema mkunjaji ni mgawa maji. Kila uzi una zamu yake na njia yake, na mgawa maji akiugua, maji yanakwenda ovyo, shamba hili linafurika na lile linakauka. Nikamwambia hivyo ndivyo mtoto alivyoandika. Akasema, yeye si mwanangu?

Sasa habari zimeenea. Mimi nilimwambia Mama Blessing peke yake. Jumamosi kijiji kizima kilipotoka kwa msaragambo kutengeneza barabara, wanaume walikuwa wanamwita baba yako Mzee Panya, na yeye anaitika. Mchungaji naye akaomba kwa ajili yako mbele ya watu, akaomba Mungu awabariki hao panya wa Ujerumani. Mzee Zebedayo akamwambia mlangoni, mchungaji, ungetaja vizuri kwamba ni wa Ujerumani tu, wa kwangu wamemaliza mahindi.

Baba yako amebadilika. Anaamka mapema. Alikwenda ndivani na Aminiel akamwelekeza namna ya kushindilia nyasi kwenye kizibo, hakusema neno baya. Alipozungumza na wazee alisema mpaka Juni. Nilimsikia mwenyewe akimwambia Aminiel, "Nishikie mpaka Juni."

Ana jambo moja analolizungusha kichwani. Anasema dawa mpya haimwagwi juu ya tope. Nikamuuliza tope gani, akasema mwanamke acha kunichimba. Nitakueleza nikilijua.

Mwanangu, mimi naogopa furaha. Nimezoea mashaka, najua pa kuyaweka. Furaha hii sijui niiweke wapi. Niambie kama nifurahi.

Mama yako,
Faustina

*

Mamba
9 Aprili 2024

Eliakunda mwanangu,

Salamu. Pasaka ilipita salama. Sijapata jibu lako, Jesca anasema umesoma barua, kuna alama kwenye simu inaonyesha. Najua kazi ni nyingi. Naandika kidogo tu.

Mvua inanyesha haikati. Barabara ya kushuka Kihurio imeporomoka mahali pawili, bodaboda wanavusha watu kwa zamu. Walitoa tope ndivani kabla ya Pasaka, msaragambo wa kila mwaka, baba yako alikaa kwenye jiwe akisimamia.

Hela ya vidonge usitume mwezi huu, vipo vya kutosha. Yeye amepungua nguvu kidogo, nadhani ni baridi ya mvua.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mama yako

*

Ujerumani, 28 Aprili 2024

Shikamoo Mama,

Nisamehe. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaiacha. Uliniuliza kama ufurahi, na kila nilipotaka kujibu nilishindwa.

Zile seli zimekufa, Mama. Si siku ile, ni baadaye. Nilirudia kazi upya, nikarudia tena, nikidhani nimekosea kipimo. Hazikuishi. Na nilipotafuta sababu nikagundua jambo ambalo wengine walishaanza kuliona kabla yangu: yule mkunjaji, akilemewa na nyuzi zilizoharibika, hakai tu kimya. Yeye mwenyewe ndiye anayepeleka habari kwamba seli ife. Yule yule aliyekuwa anaokoa. Ukimwongeza, kwa muda mfupi anasaidia, halafu unakuwa umeongeza wapeleka habari. Profesa wangu amefurahi, anasema ni matokeo mazuri, yataandikwa kwenye jarida. Nami nilitabasamu mbele yake.

Kwa hiyo lazima nikwambie waziwazi, na ningekwambia tangu barua ya kwanza. Sina dawa. Juni sikuwa naja na dawa, nilikuwa naja kuwaona tu. Kutoka kwenye kisahani changu mpaka kwenye kidonge cha mtu ni safari ya miaka mingi, pengine ishirini, na nyingi za safari hizo hazifiki. Baba asisubiri. Niliandika kwa furaha ya asubuhi moja, na sikufikiri mnasoma wapi na nani anasikiliza.

Jambo kubwa ni hili: vidonge vya Moshi asiviache, hata siku moja, hata akijisikia vizuri. Mwili ukishavizoea haukatishwi ghafla. Sasa hivi nimerudi kuisoma barua yako ya tarehe tisa. Niliisoma kwenye treni, haraka. Umeandika vidonge vipo vya kutosha. Mama, vinatoshaje? Vilitakiwa kuisha katikati ya mwezi huu.

Nijibu leo. Nimepiga simu yako, haipatikani. Ya Jesca pia.

Eliakunda

*

Mamba
1 Mei 2024

Mwanangu,

Mnara umelala tangu wiki iliyopita, mvua imekata umeme. Leo Jesca amepanda mpaka kanisani juu ndipo ikaingia barua yako, akainakili kwa mkono, akaja nayo mbio imelowa. Naandika amesimama mlangoni, atapanda tena kutuma.

Hamezi. Hamezi tangu Pasaka.

Nilitaka kukwambia, akanikataza, akasema utapata wasiwasi uharibu kazi. Nikwambie alivyoniambia mimi. Siku walipotoa tope ndivani alirudi nyumbani amechoka, akakaa, akasema, "Umeona leo? Mwaka mzima tunaweka maji, lakini kabla ya maji ya msimu tunakausha kwanza, tunakwangua mpaka jiwe. Ukiweka maji mapya juu ya tope la zamani, ndiva inajaa kwa macho tu. Hivi vidonge ni tope. Mtoto akija Juni anikute mweupe." Nikamwambia tumuulize kwanza. Akasema wewe uliwahi kuona fundi wa ndiva anauliza mvua?

Mimi nikakubali. Kwa sababu nimeishi naye miaka yote hiyo na kwa habari ya maji hajawahi kukosea. Na kwa sababu alikuwa amefurahi, sikutaka kuwa mimi wa kumtoa kwenye furaha. Vilivyobaki niliviweka kwenye kopo la kahawa, nikafunga na nailoni visipate unyevu.

Wiki ya kwanza alitetemeka sana. Alisema ndiyo tope linatoka. Wiki ya pili akaanza kukakamaa. Sasa amekaa kama ubao, ukimwinua anainuka mzima mzima. Uji unamkwama. Tangu juzi ana joto kali na jasho, na macho yananifuata bila uso kugeuka. Nilidhani ni malaria, nikampa dawa ya malaria.

Barua yako sijamsomea.

Kesho asubuhi Zebedayo anatoa gari lake. Vijana watambeba kwa machela pale palipoporomoka, watampokeza upande wa pili, tumpeleke hospitali Same. Nimpe kidonge sasa? Hamezi kitu. Jesca anasema anapanda sasa hivi.

Mama

*

Ujumbe kwa simu ya Mwalimu Jesca
1 Mei 2024

Mwalimu, tafadhali mfikishie Mama sasa hivi. Mama, saga kidonge kimoja kwenye maji kidogo, umpe kwa kijiko, kidogo kidogo, akiwa ameinuliwa. Akikohoa acha kabisa. Mlowanishie nguo apoe. Msisubiri kesho, mkiweza kushuka leo shukeni leo. Daktari wa Same aambiwe neno hili hili: amekatisha ghafla dawa ya kutetemeka tangu Pasaka. Neno hili hili, Mama. Ni mimi, Eliakunda.

*

Mamba
2 Juni 2024

Mwanangu Eliakunda,

Salamu za hapa nyumbani. Najua ulisikia kila kitu kwa simu siku ile, lakini kwenye simu wewe ulikuwa unalia na mimi nilikuwa nasema ndiyo, ndiyo. Acha nikuandikie ilivyokuwa, wewe ni mtoto wake, una haki ya kujua.

Ujumbe wako ulifika jua limeshazama, ukungu umefunika barabara. Zebedayo alisema akishuka kwenye ule utelezi atatuua wote, nami nilikubali maana nilimwona anasema kweli. Nilisaga kidonge. Kijiko cha kwanza kilipita. Cha pili alikohoa, nikaacha kama ulivyosema. Nikamlowanisha shuka. Asubuhi vijana walikuja wengi kuliko waliohitajika. Walimbeba kama yai. Pale palipoporomoka waliingia kwenye tope mpaka magotini, wakapokezana, na aliyekuwa mbele ni Aminiel.

Tulipita Kihurio, wale wa tambarare walikuwa wanapanda mpunga, jua linawaka, kana kwamba si nchi ile ile. Nikamwambia tazama, maji yetu yamefika huku. Macho yake yalitazama.

Same tulifika akiwa hai. Nilimwambia daktari lile neno, kama ulivyosema. Aliandika, akaniangalia, akaendelea kuandika. Walimwekea maji na mrija. Alikaa pale siku kadhaa. Daktari alikuwa kijana, mpole, akaniambia mapafu yameingiwa na chakula na mwili umechoka. Alikufa saa ya chai. Nilikuwa nimekwenda kuomba maji ya moto.

Shati lile la bluu ndilo tulilomvika. Vifungo nilivifunga mwenyewe.

Siku ya mazishi wazee waliamua ndiva isifunguliwe. Tangawizi za watu zilikaa bila maji, ingawa kwa mvua hii hazikuhitaji. Walifanya kwa heshima. Kizibo wamempa Aminiel sasa bila kusema kusaidia.

Sasa mwanangu nina swali moja. Sina mtu mwingine wa kumuuliza. Daktari nilimuuliza akasema mama, ugonjwa huu ulikuwa wa muda mrefu. Mchungaji nikamuuliza akasema ni saa ya Bwana. Mama Blessing akasema usijitese. Wote wamenijibu kitu ambacho sikuuliza. Wewe ndiye unayejua yanayotokea huko ndani, hata kwa panya.

Kama ningeendelea kumpa vidonge vyake kila asubuhi, kama ningekataa siku ile, Juni hii ungemkuta?

Usinijibu kwa kunihurumia. Nijibu kama unavyomjibu profesa wako.

Mama yako,
Faustina

*

Mamba
17 Oktoba 2024

Mwanangu,

Nakusalimu tena. Nimesikia kwa Jesca kwamba baridi imeanza huko. Uliyoyaandika kwenye lile jarida yametoka, Jesca alinionyesha, nikaona jina lako na jina la baba yako limefuata nyuma. Kurasa zote sikuelewa hata neno moja, lakini jina lile nilipitisha kidole.

Juni imepita. Julai uliniambia tiketi umeirudisha kwa sababu ya kazi. Mwezi wa nane ulipiga ukaniuliza hali, nikasema nzuri. Mwezi wa tisa ukaniuliza bei ya tangawizi, nikasema imeshuka. Unauliza mvua, unauliza mguu wangu, unamuulizia mpaka mbwa. Kila simu nakaa nikingoja, na kila ukiaga nasikia umevuta pumzi kama mtu anayetaka kusema, halafu unasema usiku mwema Mama. Sitakuuliza tena. Nimekuzaa, najua ukinyamaza unanyamazia nini. Ungekuwa na jibu la kunipumzisha ungelileta siku ile ile, kwa gharama yoyote.

Na najua humo umeficha na lawama yako mwenyewe. Ile barua ya panya wazima ninayo kwenye Biblia. Sijaitupa. Alicheka nayo.

Wakati mwingine namfikiria yule panya. Alikufa kabla sijaolewa, na mpaka leo kuna mtu anaamka asubuhi kumlisha. Baba yako mikono yake ilinywesha mlima mzima, na hakuna kisahani.

Sasa nikwambie la wiki iliyopita. Nilikuwa nasafisha rafu nikakuta lile kopo la kahawa. Vidonge vilikuwa vikavu kabisa, nailoni ilishika. Nilikaa navyo mapajani mpaka jikoni pakawa baridi. Nilitaka kuvitupa chooni. Halafu nikakumbuka Mama Blessing alisema kuna mzee Kihurio, mwenye shamba la mpunga karibu na mfereji, naye ameanza kuficha mikono chini ya mapaja.

Nikashuka na basi. Nesi wa zahanati yao alikagua tarehe, akasema vinafaa, ni vya namna ile ile anayotumia yule mzee, na vya kwake vimekwisha, mwanawe bado anatafuta hela ya kwenda Moshi. Tukaenda naye mpaka nyumbani kwa yule mzee. Mke wake ni mdogo kwangu kidogo, ana uso wa mtu asiyelala. Aliniwekea kiti, akanipa maji, akavipokea kwa mikono miwili. Akaniambia mume wake siku akijisikia vizuri anasema aviache vipumzike, na yeye anaona sawa tu, mwili nao si unahitaji kupumzika.

Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mdogo wangu, usimwachie. Hata siku moja. Hata akikwambia maneno matamu, hata akicheka."

Akaniuliza nani amenifundisha hayo, daktari?

Nikamwambia ni binti yangu Eliakunda, anasomea mambo hayo ng'ambo. Yeye ndiye aliyenijibu.

Kula vizuri. Vaa soksi.

Mama yako,
Faustina